Mwaka Niliotengwa kwa Sababu ya Dramu

Aliyenichongea nilimjua mwaka huu, siku ya mazishi yake. Nilikuwa nimekaa kwenye turubai la akina mama huko Kilolo, nimejizungushia kitenge juu ya sweta kwa sababu baridi ya kule haina adabu, namlilia Festo kwa machozi ya kweli kabisa. Wasifu wa marehemu ulikuwa umeshasomwa: alizaliwa, alisoma, alipiga muziki, alioa, alilima parachichi, aliugua, Bwana ametwaa. Ikafika zamu ya ukweni. Akashikwa mkono Mzee Asajile, baba mkwe wake, ambaye enzi zile alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu pale Mbeya, akasogezwa kwenye kipaza sauti. “Ndugu waombolezaji,” akasema, “huyu mkwe wangu nilimfahamu kabla hajaja kuomba mke. Alikuja nyumbani kwangu akiwa kijana mwanafunzi, tena si wa dhehebu letu. Akaniambia, mzee, kuna binti wa usharika wenu anapiga ngoma kwenye baa kule Iringa, mnusuruni. Nikamuuliza, wewe umejuaje? Akasema, nimeona kwa macho yangu. Akaniomba nisimtaje, na sikumtaja mpaka leo. Yule binti alitengwa, akatubu, akarudi kundini, na leo ni mwalimu mstaafu anayeheshimika. Yuko hapa hapa kati ya akina mama. Hayo ndiyo matendo ya marehemu.” Watu wakasema amina. Mama aliyekaa ubavuni kwangu akaninong'oneza, “Ni nani huyo anayesemwa?” Nikamwambia simjui.

Mzee hakusema, kwa sababu hakuambiwa, kwamba Festo aliniona kwa macho yake akiwa jukwaani, ameshika gitaa, hatua chache mbele yangu. Baa yenyewe alinipeleka yeye. Kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano nilimshuku kila mtu niliyemfahamu isipokuwa yeye, na harusini kwake nilipika. Nimerudi Mbeya, nimeweka mabegi chini, na tangu siku hiyo nauzungusha mwaka ule kichwani, chumba kwa chumba, sahani kwa sahani, nikitafuta mahali ambapo ningepaswa kushtuka.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, na kusubiri huko kulinifanya niwe mtu wa kanisani kila siku. Sitaki kudanganya kwamba ulikuwa utakatifu. Kwenye ukumbi wa vijana kulikuwa na seti ya dramu, zawadi ya wageni fulani kutoka Ulaya, na waliojua kuipiga tulikuwa wawili tu, mimi na kijana mmoja aliyekwenda jeshini. Alipoondoka nikabaki na funguo. Jumapili niliipiga kwa heshima, kwaya ikiimba na wazee wakitikisa vichwa taratibu. Siku za kazi niliipiga ninavyotaka, mpaka vioo vya madirisha vinatetema. Kila kitu kingine katika maisha yangu kilikuwa kimepangwa na watu wengine, kuanzia nguo nilizovaa hadi chuo nilichosubiri. Dramu hakuna aliyenipangia. Ndiyo maana niliipenda kuliko nilivyowapenda watu wengi.

Jumatano moja ya mvua niliinua macho nikaona kichwa cha mtu dirishani, kofia imelowa chepechepe. “Endelea,” akasema, “usiniangalie mimi.” Nikamuuliza anamtafuta nani. “Nilikuwa natafuta choo, dada, halafu nikasahau.” Ndivyo alivyokuwa Festo, anakuchekesha kwanza ndipo anakuomba kitu. Alikuwa kijana wa Kihehe kutoka Mlandege, Iringa, amekuja kusomea umeme Mbeya, na alichotaka duniani kilikuwa kimoja: kupiga roki. Mbeya nzima ikicheza dansi na bolingo, yeye alikuwa na kanda tano alizoachiwa na mwalimu wa kujitolea, pamoja na kidude cha chuma cha kukanyaga kwa mguu ambacho kililifanya gitaa liungurume. Alikibeba kwenye mfuko wa rambo, amekizungushia taulo. Aliniambia siku ile ile kwamba ana mpiga besi tayari, Lusajo, na kwamba amezunguka mji mzima akitafuta mtu anayepiga dramu kwa hasira. “Sina hasira,” nikamwambia. “Unayo,” akajibu, “nimeisikia kutoka barabarani.” Hakuna mwanamume aliyewahi kuniambia jambo zuri kama hilo, na hata sasa, nikiwa na hasira ya kweli juu yake, siwezi kulifuta.

Mazoezi tulifanyia Uyole, kwenye stoo ya viazi ya mjomba wake Lusajo, kwa sababu magunia yanameza sauti. Dramu za kanisa hazikutoka kanisani, kwa hiyo mle ndani nilipiga ndoo, kreti za soda na debe, kisha kesho yake naenda ukumbi wa vijana kuyarudia mapigo yale yale kwenye dramu zenyewe, milango nimefunga. Stoo ilinuka udongo na gunia bichi. Tulikuwa tunachemsha viazi kwenye jiko la mkaa pale pale mlangoni, tunachovya kwenye chumvi na pilipili, na chai ya rangi kwenye vikombe vya bati. Naikumbuka jioni moja hasa. Festo alikuwa anamenya kiazi kwa kidole gumba, moshi unamwingia machoni, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua:

“Hivi Atu, kwenu mtu akijulikana anapiga muziki wa dunia inakuwaje?”

“Anatengwa.”

“Anatengwaje?”

Nikamweleza. Jina lako linasomwa Jumapili mbele ya watu wote. Hushiriki chakula cha Bwana. Kwaya huimbi, chombo hugusi, unakaa benchi la nyuma karibu na mlango mpaka utakaposimama mbele ukatubu na kuahidi kwamba umeacha.

“Na usipotubu?”

“Ukifa mchungaji haji.”

“Mwe!” akasema Lusajo. “Basi usife.”

“Na wazee wanajuaje?” akauliza Festo.

“Mtu anawaambia.”

Akala kiazi chake. “Sisi Wakatoliki tungefuata hiyo tungebaki na padri peke yake,” akasema, tukacheka wote watatu mpaka Lusajo akapaliwa na chai. Ndiyo jioni ninayorudi kwayo zaidi ya zote. Nilimfundisha mwenyewe, kwa mdomo wangu, namna ya kunimaliza. Wakati ule lakini hakuwa na nia hiyo, naapa hakuwa nayo. Aliuliza kwa sababu alikuwa na hofu kwa ajili yangu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba kitu kile kile alichokijua kwa kunijali ndicho alichokuja kukitumia.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, Festo akaleta habari kwamba mwenye ukumbi mmoja wa baa Iringa anakaribisha bendi za vijana Jumamosi, na tumekubaliwa. Nyumbani nikaaga kwamba nakwenda kumsalimia rafiki. Tulifikia kwa mama yake Festo, Mlandege, nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mdogo wa saruji uliofagiliwa hadi unang'aa. Mama yake alitupokea na salamu ya Kihehe, “kamwene,” na ugali mkubwa, majani ya maboga yaliyoungwa karanga na kuku aliyechinjwa asubuhi ile. Jirani yao, Mama Zuhura, mfanyabiashara wa nguo ambaye babu yake alitoka pwani, alileta sahani ya pilau juu ya ukuta ili, alivyosema, wageni wasiseme Iringa wamekula ugali tu. Nilipewa chumba cha mama. Nikiwa nimejilaza kupumzisha mgongo, nilimsikia mama anaongea na mwanawe jikoni, na kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba.

“Huyo binti ndiye mpiga ngoma?”

“Ndiye.”

“Anajua?”

“Mama, anajua kuliko mimi.”

“Basi watu watamtazama yeye.”

“Amekaa nyuma, mama. Nani anatazama nyuma?”

Wakacheka, na mimi kitandani nikacheka nao, uso kwenye mto. Nilidhani nimesifiwa.

Ukumbi ulikuwa umejaa kufika saa moja na nusu. Wengine walikuja kwa ajili ya bendi ya dansi iliyokuwa ipige mwisho, wengine kwa ajili ya joto tu, maana nje upepo ulikuwa unakata masikio. Harufu ilikuwa ya makoti, bia na ulanzi, pombe ya mianzi ambayo watu walikuwa wameipitisha kwenye madumu ingawa mlangoni paliandikwa marufuku. Na pale jukwaani, dramu. Dramu kamili, nyekundu, matoazi matatu. Nilipokaa kwenye kigoda chake nikakanyaga ngoma kubwa mara moja, nikaisikia inanipiga kifuani, nikajua kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu nitapiga kwa nguvu zangu zote na watu wakinisikia.

Wimbo wa kwanza ulianguka. Festo alikanyaga kidude chake, gitaa likaunguruma, watu wakakunja mikono. Mmoja akapaza sauti, “Wewe, redio yako imeharibika!” Ukumbi ukacheka. Wimbo wa pili vilevile. Nilimwona Festo shingo imelowa jasho, sauti inaanza kumkatika, na wa tatu ulipoanza sikufikiri, mikono ndiyo iliyofikiri. Niliacha pigo tulilofanyia mazoezi nikaingiza pigo la ngoma za harusi, lile la kina mama wanapomleta bibi harusi, kwa mguu wangu kwenye ngoma kubwa, na juu yake nikaacha matoazi yaendelee na roki yao. Lusajo akageuka, macho yamemtoka, akanifuata na besi. Festo akatufuata sisi. Na watu, Mungu wangu, watu wakaja. Walianza akina mama, wakajua mabega yao yanatakiwa kufanya nini kabla hawajajua wanachosikiliza. Kisha vijana. Sakafu ile ya mbao ikawa inaitikia. Hatukuusimamisha wimbo ule, kila tukifika mwisho wanapiga kelele tunarudi mwanzo. Niliyasikia meno yangu yamekauka, nikagundua ni kwa sababu nacheka muda wote mdomo wazi. Sijawahi kufurahi vile, si siku ya harusi yangu, si siku nilipojifungua, na watoto wangu wanisamehe kwa kuliandika.

Ndipo Mama Zuhura alipopanda jukwaani. Alikuja, alisema, kumsindikiza mpwa wake. Alipanda na khanga yake mkononi, na watu wote wakajua anakwenda kumtunza mwimbaji, maana ndivyo inavyokuwa. Festo naye alijua, akainama kidogo kumrahisishia shingo. Mama akampita. Akazunguka nyaya, akaja hadi nyuma, akanifunga khanga kiunoni huku napiga, akanishika mashavu kwa mikono miwili. Ukumbi ukapasuka. Wakaja wengine nyuma yake, kila mmoja anampita Festo anakuja kwangu, na vijana wakaanza kuimba, “Dada! Dada! Mwongezeni dada!” Nilimtazama Festo ili nimwone akicheka. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anakaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea.

Nyumbani mama yake alitupashia moto kuku aliyebaki. Lusajo aliongea peke yake, alisimulia usiku wote upya kana kwamba hatukuwepo. Festo alikula kidogo akasukuma sahani.

“Watu wamekupenda,” akaniambia.

“Wametupenda,” nikasema.

“Hapana. Wewe.” Akatabasamu, akasema amechoka, akaenda kulala. Nami nikaona ni mtu mnyenyekevu, anayejua kumpa mwenzake sifa yake. Nilikuwa mjinga kiasi hicho, na nilikuwa na furaha kiasi hicho, na siwezi tena kuvitenganisha viwili hivyo.

Jumapili ya tatu baada ya hapo jina langu likasomwa. Mzee Asajile ndiye aliyesoma, miwani puani, kati ya tangazo la mavuno na tangazo la ndoa. Nilikuwa nimeshakaa kwenye dramu, vijiti mkononi. Nilisikia “Atupele” nikadhani ni mwingine, hadi mwenyekiti wa kwaya aliponijia akaninyooshea mkono bila kunitazama, nikampa vijiti. Kutoka pale mbele hadi benchi la nyuma ni mwendo ambao hata leo nikiingia kanisa lolote miguu yangu inaukumbuka. Mama yangu alikuwa kwenye safu ya sauti ya kwanza. Hakugeuka, lakini wimbo ulipoanza sikuisikia sauti yake.

Festo alikuja nyumbani jioni ile ile. Nilikuwa uani nachambua mchele wa Chimala, nikamwambia yote, na machozi yangu yanaangukia kwenye ungo. Akachuchumaa mbele yangu.

“Nani kakufanyia hivi?”

“Sijui. Labda kuna mtu wa huku alikuwa ukumbini.”

“Watu ni wabaya, Atu.” Akanifuta uso kwa mkono wa shati lake. “Watu ni wabaya sana.” Akakaa nami hadi mchele ukaisha, akichambua upande wake wa ungo, akitoa kijiwe kimoja kimoja. Nilimshukuru. Nilimwambia mama baadaye kwamba katika dunia nina rafiki mmoja.

Nilivumilia benchi la nyuma hadi mwezi wa kumi. Mama alikuwa amekonda, watu walikuwa wameacha kumwalika kwenye vikundi vyao, na chuo nilichosubiri kilitaka barua ya mchungaji. Nikasimama mbele. Nikasema nimekosa, nimeacha, sitagusa tena muziki wa dunia. Nikaulizwa kama naahidi kwa hiari yangu, nikasema ndiyo. Festo alikuwa amekuja, mara yake ya kwanza kuingia kanisani kwetu, amekaa karibu na mlango na shati jeupe. Wakati wa kupeana mikono alinikumbatia mbele ya wazee. Nilidhani amekuja kunitia nguvu. Sasa najiuliza kama alikuja kuhakikisha. Wazee wakanisamehe, ila dramu hawakunirudishia, wakasema nikae kwanza kwenye sauti za kina mama hadi moyo utulie. Moyo ulitulia kweli. Sijawahi kukaa kwenye dramu tena.

Mwezi uliofuata mwenye ukumbi wa Iringa alituma ujumbe kwamba anaitaka bendi kila Jumamosi. Festo aliniletea habari hizo kwa sauti ya msiba. Akasema hawezi kukubali bila mimi. Nikamkemea: ataachaje bahati kama hiyo kwa sababu yangu? Akasema kuna Oska, mtoto wa mama yake mdogo, anajua kupiga kidogo, lakini lile pigo la harusi halijui, na watu wanalitaka lile. Hakuniomba, na siku zote nimelikumbuka hilo kwa upole, kwamba hakuniomba. Nilijitolea mwenyewe. Nikamwambia, niliahidi kutogusa dramu, sikuahidi kutogusa sufuria.

Kwa hiyo nilimfundisha Oska jikoni kwetu, mama akiwa shambani. Nilipanga sufuria tatu juu ya mafiga yaliyopoa, ungo kwa toazi, na mguu kwenye debe la mahindi. Kijana alikuwa mpole, mikono mizito, na nilimshika viganja nikampitisha pigo baada ya pigo, namna mguu unavyochelewa kidogo ili mabega ya watu yausubiri. Vitu ambavyo sikujua kwamba navijua hadi nilipovitoa. Kuchongewa ningeweza kusamehe. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, najua wivu unaweza kumfanya nini kijana ambaye watu wamempita jukwaani. Ile ya jikoni siisamehe. Alikuwa ameshanitoa, na bado akaja kuchukua kilichobaki, akiwa amekaa kwenye kigoda cha mama, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Siku ya mwisho Oska alilipiga pigo lote bila kukosea. Festo alikuwa ametoka kidogo kutafuta soda. Oska akaweka vijiti chini, akafuta masizi mikononi, akaniuliza bila kunitazama, “Dada Atu, kwani wewe na Festo mlikosana nini?”

“Mimi na Festo?” Nikacheka. “Sisi ni chanda na pete. Nani kakuambia tumekosana?”

“Hakuna,” akasema. “Nimeuliza tu.”

Festo akaingia na chupa tatu, akafungua yangu kwanza kwa meno, akanipa. “Atu,” akasema, “roho kama yako sijapata kuiona kwa mtu.” Nikaona haya, nikainamia soda yangu, na wiki nzima baada ya hapo nilitembea mjini nikiwa na furaha kwa ajili ya maneno yale.